Kifo Kilimtangulia Juji

Papa Edmond Kisimba hakuwa mtu wa kesi. Miaka thelathini na miwili alikuwa fundi wa kinga, yaani baiskeli, chini ya ukuta wa stesheni ya Kalemie, na katika muda huo wote hakuwahi kumshitaki mtu hata kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa. Mteja akija kumfokea kwamba cheni imekatika tena, alimjibu, "Lete, baba, hata chuma kinachoka," akaifunga upya. Pikipiki zilipojaa mjini mafundi wenzake walizikimbilia. Yeye alibaki na kinga zake na watu wake, wale wanaosukuma makaa na mihogo kutoka upande wa Niemba, ambao kinga zao zimebeba mpaka zimepinda mgongo.

Basi mtu wa namna hiyo njo alikwenda, ndiye huyohuyo, kumshitaki mke wake tribinalini, yaani mahakamani.

Mke wake aliitwa Evodie Kapinga, mzaliwa wa Kabimba, kule kaskazini kwenye mawe ya chokaa. Walifunga ndoa kanisani, na mbele ya serikali vilevile, karatasi yao ilikuwa ndani ya sanduku. Tangu Ornella, binti yao, azaliwe, Edmond hakumwita mke wake kwa jina tena. Alikuwa Mama Ornella, naye alikuwa Papa Ornella, kama watu wenye adabu wanavyoitana. Ukisikia mwanaume anamwita mke wake jina tupu mbele ya watu, ujue nyumbani kwao kuna moto.

Kiangazi kilipoanza, habari ilifika kwamba mama yake Evodie ameanguka, upande mmoja wa mwili umekufa. Evodie akafunga vitenge viwili, akapanda boti. "Wiki mbili tu, Papa Ornella," alisema. Wiki mbili zikazaa miezi miwili, miezi miwili ikazaa mitano. Salamu zilikuja kwa simu za watu. Ndakala, wale dagaa wa ziwa, waliokaushwa walikuja ndani ya kikapu. Yeye mwenyewe hakuja. Ornella alikuwa ameolewa Manono, mbali, kwa hiyo Edmond alisonga ugali wake mwenyewe na kuula mwenyewe, akiegemea mlango.

Wenzake pale ukutani hawakumwacha. "Papa Edmond," alisema Jovial, mwuza mafuta ya pikipiki, "wewe unarudisha cheni za wote, na yako mbona imetoka?" Watu wakacheka. "Muke anatunza mama yake miezi mitano! Muangalie vizuri huyo mama, kama hana ndevu."

Edmond alicheka pamoja nao. Lakini neno la mzaha ni kama mwiba wa samaki. Unalimeza ukicheka, halafu linakaa kooni.

Sasa, kwa desturi njia ilikuwa wazi. Mume ambaye mke wake amekawia kwao anachukua mzee mmoja na kuku mmoja, anakwenda mwenyewe kwa wakwe, anaketi chini, anasema, "Nimekuja kumufuata muntu wangu." Hata akiwa na haki, anaomba. Ile safari yenyewe ndiyo maombi. Maneno yanakuja nyuma. Edmond alijua yote hayo. Lakini aliona haya. Alijiona anafika pale na kuku wake mkononi, mama mkwe amelala na mdomo umepinda, na yeye amekuja kumng'oa binti kitandani pa mgonjwa. Kila juma alisema juma lijalo.

"Mutumie konvokasio," Jovial akamshauri. "Karatasi ya kuitwa na tribinali. Muntu akiona ule muhuri, anakimbia mwenyewe. Shangazi yangu alirudi kwa bwana yake siku ileile, hata sufuria hakuipua."

Nje ya tribinali palikuwa na mzee mwenye mashine ya kuandikia, anaandikia watu barua zao. Alimwuliza Edmond anaomba nini.

"Aje," alisema Edmond.

"Papa, karatasi ya 'aje' haiko. Iko karatasi ya talaka. Ukiomba talaka, juji anawaita wote wawili na kuwapatanisha kwanza. Sheria njo inasema vile."

Edmond alikuna kichwa. "Andika basi. Lakini aje."

Akatia saini bila kusoma mpaka chini. Angesoma, angekuta mstari unaosema kwamba maisha ya ndoa kati yake na yule mwanamke hayawezekani tena.

Isie, yule mtu wa tribinali anayepeleka karatasi na kuita majina, alipanda boti akaenda Kabimba. Kazi yake ni kusoma kwa sauti ili mwenye kuitwa asiseme hakusikia. Akasoma. Alisoma katikati ya kiwanja, mgonjwa yuko ndani, majirani wamesimama kwenye uzio, na Papa Ruphin, kaka mkubwa wa Evodie, ametoka kwenye mawe na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi.

Na Evodie alikuja kweli. Siku ya kuitwa alivaa kitenge cha sikukuu, akaketi kwenye biro, yaani ofisi, ya juji, mikono juu ya magoti. Juji alikuwa mwanamke mwenye miwani, sauti yake ya chini. Pembeni aliketi karani, Papa Michée, akiandika.

"Mama, bwana wako anasema umeacha nyumba."

"Nyumba sikuacha, mama juji. Niliacha mama yangu peke yake siku moja tu, ni leo."

"Na wewe, papa. Unasemaje? Bado unamutaka bibi yako?"

Hapo ndipo Edmond alipoharibu. Maneno mazuri alikuwa nayo, aliyapanga njia nzima. Lakini alimwona mke wake baada ya miezi mitano, amekonda, hamtazami, na kile kiburi ambacho hata hakujua anacho kikamtangulia mdomoni. "Kama ni kukaa kwao, akae. Mimi muke wa salamu simutaki tena."

Kalamu ya Papa Michée ikaandika. Juji akawatazama wote wawili kama mtu anayepima kitambaa, akasema nyumba haibomolewi kwa siku moja. Waende, wafikiri, warudi tarehe kumi na saba ya mwezi unaofuata.

Walitoka hawasemezani. Uwanjani palikuwa na ngazi ya saruji, Evodie akaketi, akafungua karanga alizofunga kwenye pindo la kitenge, akala moja, akala ya pili. Edmond alisimama.

"Papa Ornella, miguu yako ilikatika?"

"Hapana."

"Ao mwenye boti alikukataza kupanda?"

"Hapana, Mama Ornella."

"Ukatuma muntu na karatasi aje kunisomea mbele ya mama yangu. Mama yangu mudomo umepinda, masikio hayakupinda."

Evodie akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile, halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Edmond alidhani analia, kumbe ni kicheko. "Muke wa salamu! Nani alikupatia neno hilo? Jovial?"

"Ni mimi mwenyewe," alisema Edmond, naye akacheka kwa aibu, akaketi. Evodie akampa karanga mkononi. "Unisamehe, Mama Ornella."

"Tarehe kumi na saba bibi ya Ruphin, wifi yangu, atakuja kukaa na mama. Mimi nitakuja. Nitasema mbele ya yule mama juji kwamba nimerudi. Na wewe utasema nini?"

"Nitasema ninafuta."

"Useme vizuri. Usigugumize kama siku ya kunioa."

Alimsindikiza mpaka kwenye maboti.

Evodie alifariki tarehe tisa. Ugonjwa wa kuharisha na kutapika ulipita Kabimba juma lile, ukachukua watu kwenye nyumba sita, na yeye alikuwa anachota maji ya kumwoshea mama yake mara nne kwa siku. Aliugua asubuhi, kabla ya jua kutua akawa amekwisha. Watu wa afya walikuja na dawa yao ya kumwagia, wakasema azikwe mara moja, bila kuoshwa na ndugu, bila kulaza maiti. Simu ya kumwambia Edmond ilifika kesho yake, kaburi limeshafunikwa.

Alipanda boti ya kwanza. Alipoingia kiwanjani kwa wakwe, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wanaume pembeni ya moto. Papa Ruphin aliinuka akamkuta njiani.

"Unatafuta nani, papa?"

"Ruphin, ni mimi."

"Kwa macho ninakuona. Ninauliza unatafuta nani."

"Nimekuja kumulilia muke wangu."

"Hapa tulizika dada yangu," alisema Ruphin. "Muke wa muntu hatukuzika. Yule alikuwa na muke alituma karatasi, tukasomewa hapa, kila nyumba ikasikia. Ilisema hamutaki." Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Kama ndoa iko, wale wa tribinali, ulipelekea ndoa, waiseme iko. Siku ya kutoa matanga tutamunyoa mwenye kufiwa. Wewe sitakunyoa na karatasi ile juu ya kichwa."

Kwa watu wale, mwanaume aliyefiwa na mke hajifungui mwenyewe. Ndugu za marehemu njo wanamnyoa siku ya kutoa matanga, wanamwosha miguu, wanamwambia neno la kumwachilia. Bila hiyo anabaki amefungwa kwa mtu asiyekuwepo. Na marehemu naye anatajwa, tangu siku hiyo, kama msichana aliyerudishwa akafia kwa baba yake. Mapadri na wachungaji wanasema ni mambo ya zamani. Siku ya kunyoa wanakuja vilevile, wanaketi mbele.

Matanga yangetolewa baada ya miezi mitatu. Edmond alisimama nje ya uzio pamoja na wapita njia mpaka jioni, akarudi Kalemie. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hakupata hata pembe ya mkeka.

Tarehe kumi na saba alikwenda tribinalini. Kwa nini alikwenda, hata yeye asingekuambia. Aliketi kwenye ubao, kofia magotini. Isie alisimama kwenye baraza, akaita: "Kapinga Evodie!" Akangoja. "Kapinga Evodie!" Watu uwanjani wakageuza vichwa kumtafuta huyo mama, mmoja akasogeza mtoto wake ili apite. "Kapinga Evodie!"

Jina lile Edmond hakulitamka miaka ishirini na mitano. Kule Kabimba lilikuwa limeshawekwa chini ya udongo. Na hapa mtu alikuwa analiita kwa nguvu, kama mtu anayeitwa aje kula.

"Mama hakufika," alisema juji. "Papa, unajua yuko wapi?"

Edmond akainuka. "Yuko kwao, mama juji."

"Tutawaita tena baada ya wiki mbili."

Na baada ya wiki mbili alirudi, akanyoa ndevu kabisa, akavaa shati la kanisani. Isie akaita mara tatu. Safari hii Edmond alifumba macho. Kulikuwa na mahali pamoja Kalemie palipokuwa bado panamngoja mke wake, na yeye alikuwa anakuja hapo kungoja pamoja nao. Kesi ikaahirishwa tena.

Alipotoka, Papa Michée karani alimfuata mpaka kwenye ngazi ya saruji. Alikuwa mtu mnene, mwenye kupumua kwa shida, na Edmond alishaitengeneza kinga yake mara nyingi.

"Papa Edmond. Mlalamikaji ambaye anakuja na furaha wakati adui yake hafiki, huyo ninamujua. Mlalamikaji ambaye anakuja na kufumba macho, huyo sijamuona. Bibi yako iko wapi?"

Edmond akamwambia.

Karani aliketi palepale, chini, na suruali yake ya kazi. "Muntu amekufa, papa, na unaacha tunamuita mbele ya watu? Mara sita?"

"Ninyi njo mulikuwa munamuita. Wengine wote waliacha."

Papa Michée akapangusa uso. Kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kesi ya talaka si kama kesi ya shamba. Shamba, mtu akifa, watoto wake wanasimama mahali pake na kesi inaendelea. Lakini ndoa haina mrithi. Mmoja akifa kabla juji hajakata, hakuna tena cha kukata. Kifo kimeshakata, na juji anafunga daftari. Kesi inazimika. Talaka haitatoka, wala leo wala kesho.

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Wewe ni mujane, papa. Bwana wa marehemu. Hapakuwa siku moja ambapo hukuwa bwana wake."

Edmond akaomba aandikiwe hilo neno, saa ileile. Lakini juji haamini kifo kwa mdomo; anataka akte, yaani cheti cha kifo, kutoka biro inayoandika waliozaliwa na waliokufa, na akte hiyo hawaandiki mpaka ndugu aliyeona maiti aje kushuhudia. Evodie hakuandikwa popote. Kwetu mtoto akizaliwa karatasi yake inatafutwa, kwa sababu ya masomo. Mtu akifa, watu wanatafuta jembe.

"Nani alimuona?" aliuliza karani.

"Ruphin," alisema Edmond, akavaa kofia yake.

Safari hii alikwenda kama alivyopaswa kwenda tangu mwanzo. Alichukua mzee mmoja wa kanisa, Papa Anatole, akachukua kuku, akaketi chini kwenye udongo nje ya uzio mpaka aitwe. Aliitwa jua likiwa kichwani. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Edmond akageuza mgongo wake kwenye mlango, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawatazamani, hata kama dunia inaanguka. Papa Anatole akaeleza habari yote. Ruphin alisikiliza akichora chini kwa kijiti.

"Nikishuhudia, utafanya nini na hiyo akte?"

"Ninapeleka kwa juji," alisema Edmond. "Anazima kesi. Anaandika ndoa haikukatwa."

"Kumbe kifo cha dada yangu kinakusaidia kushinda."

"Ruphin, hakuna kushinda hapo."

"Mbona hukukuja mwenyewe wakati ule? Ni boti ya asubuhi moja."

"Nilikuwa na haya."

"Haya!" Ruphin akatupa kijiti. "Haya ya kuja ulikuwa nayo. Haya ya kutuma, hukuwa nayo. Mama yangu alisomewa karatasi ile na kijiko cha uji bado kiko mudomoni. Kijiko kilishikwa na nani? Na huyohuyo ulikuwa unamukataa."

Kuku alikuwa anahema kwenye kivuli, miguu imefungwa. Edmond hakujitetea. Alisema tu, "Ni vile," na baadaye kidogo akasema tena, "Ni vile, shemeji."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nzito, maneno yakivutwa kama kamba yenye mafundo. Mama mkwe hakusema na Edmond. Alisema na mwanawe, kama inavyofaa.

"Ruphin. Yule muntu hapo nje... amekula?"

"Mama, hatujafika kwa chakula."

"Muulize."

"Umekula?" aliuliza Ruphin, anatazama ziwani.

"Bado."

"Bado, mama," Ruphin akapeleka jibu.

Kisha mama mkwe akasema: "Evodie alifua vitenge vyake. Juma lile. Alivikunja vyote, akaviweka ndani ya kikapu. Nikamuuliza... unakunja unaenda wapi? Akasema, kwangu." Alipumzika. Ilikuwa kazi kubwa kwake, kusema. "Hakusema tribinali. Alisema kwangu. Mimi njo nilisikia. Kama wanataka muntu wa kushuhudia, wanibebe."

Hakuna aliyembeba. Ruphin akaingia ndani. Walimsikia anachota maji, ananawa uso. Alitoka amevaa shati jingine, akapita katikati yao, akashika njia ya biro ya akte. Edmond akainuka akamfuata nyuma, hatua kumi, mpaka walipofika.

Kesi ilisikilizwa mara ya mwisho siku ya Jumanne, mvua imenyesha asubuhi. Karani alikuwa amemtahadharisha isie, na isie hakuita jina la Evodie. Aliita la Edmond tu. Uwanja ukabaki na lile jina moja, na Edmond akainuka kwenye ubao.

Juji alisoma ile akte, akaitia ndani ya faili. Alivua miwani kabla ya kusema. "Papa Kisimba, tribinali inakupa pole. Kesi uliyoleta imezimika kwa kifo cha mama Kapinga Evodie. Tribinali haikuvunja ndoa yenu. Alikufa akiwa muke wako. Una neno?"

Alikuwa nalo. Safari hii hakugugumiza. "Mama juji, siku ya kwanza nilisema neno hapa. Neno la muke wa salamu. Papa Michée aliliandika. Ninaomba mulifute."

Juji akamtazama. "Maandishi ya tribinali hayafutwi, papa. Kile kilisemwa, kilisemwa."

"Yeye alishanisamehe. Pale nje, kwenye ngazi."

"Ninaamini. Lakini pale nje hatukuwa na karani." Akafikiri. "Ninaweza kuandika kile unasema leo. La kwanza litabaki, na la leo litakuwa chini yake. Unasema nini?"

Papa Michée akatayarisha kalamu. Edmond alisimama pale na mikono yake myeusi ya mafuta ya cheni, ambayo hata sabuni ya nguo haikuwahi kuisafisha.

"Andika ninafuta," alisema. "Andika alikuwa anarudi kwake."

Siku ya kutoa matanga, Ornella alikuja kutoka Manono na mtoto mgongoni. Kiwanja cha Kabimba kilijaa. Ruphin alisimama katikati na ile hukumu mkononi, imeandikwa Kifaransa, na kwa kuwa yeye alisoma zaidi ya wengine, alikuwa anaisoma mstari mmoja, anauleta kwa Kiswahili, anakwenda mstari mwingine. Alifika pale ambapo mlalamikaji alitamka kwamba mke wa salamu hamtaki tena. Angeweza kuruka. Edmond, kwenye mkeka wake, alimwona anasita, na moyoni alimwomba aruke.

Hakuruka. Alilisoma kama lilivyo. Wanawake wakaguna, Ornella akainamisha kichwa juu ya mtoto, na shangazi mmoja mzee wa ukoo akapiga kelele, "Soma mbele, Ruphin! Hatukukuja kulala hapa!"

Akasoma mbele, mpaka mwisho, mpaka kwenye *ninafuta*. Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

"Ulileta karatasi hapa, tukasomewa," alimwambia Edmond mbele ya wote. "Leo na hii tumesoma. Éliane, lete maji."

Éliane, mdogo wake Evodie, alimnyoa. Wembe ukamkata kidogo juu ya sikio, na Edmond hakusogea. Nywele zilikuwa na mvi nyingi kuliko alivyodhani. Zikaanguka kwenye mkeka, zikafagiliwa. Kisha miguu yake ikaoshwa, na shangazi mzee akasimama mbele yake kusema neno la kumwachilia, lile ambalo ukoo wao unawaambia wote.

"Kisimba, tulikupa muntu, ukakaa naye, akakuzalia. Ametangulia. Sisi hatukushiki tena, yeye hakushiki tena. Leo tumekukata kwake. Uko huru. Ukitaka kuoa, oa. Inuka, uende."

Kwa desturi, mwenye kufiwa anainuka palepale, anakwenda bila kugeuka, na wanawake wanapiga vigelegele kidogo, si vingi. Wanawake walikuwa wameshavuta pumzi. Edmond alitia viganja chini kama mtu anayetaka kuinuka. Hakuinuka.

"Inuka, papa," Ornella akanong'ona.

"Ninasikia," alisema.

Alikuwa na vitu viwili kichwani mwake, ile karatasi ya talaka aliyoomba na lile neno la kumwachilia alilopewa, na vyote viwili vilikuwa vinamwambia kitu kilekile: enda, muache. Watu wakangoja. Mtoto wa Ornella akaanza kulia, akanyonyeshwa, akanyamaza. Shangazi mzee akamtazama Ruphin kumwuliza kwa macho itakuwaje, kwa sababu jambo hilo halikuwahi kutokea, na hakuna anayejua neno la kumwambia mtu aliyefunguliwa akabaki ameketi.

Ruphin alikuja akasimama juu yake. Kichwa kilichonyolewa kilikuwa kinang'aa, na ile damu kidogo juu ya sikio imeshakauka. Ruphin aliwaambia wanawake wagawe chakula. Halafu akainama, akaketi naye pembeni ya mkeka.